Mwongozo kamili: kuitambua ndege ya kivita ya zamani ndani ya filamu na kuifuatilia mpaka ilipo leo

Katika filamu ya Tora! Tora! Tora! ya mwaka 1970, makundi ya ndege za Japani yanapita juu ya Hawaii na kuishambulia Pearl Harbor. Karibu ndege zote hizo zilizaliwa Amerika Kaskazini. Zinazoitwa Zero, ndege mashuhuri ya kivita ya Japani, ni ndege za mafunzo za T-6 na Harvard zilizobadilishwa sura. Zinazobeba torpido ni za ukoo huohuo, ila zimerefushwa kiwiliwili. Zile zinazoshuka kichwa chini kudondosha mabomu zilitokana na Vultee BT-13, nayo ni ndege ya mafunzo ya Marekani. Japani iliunda Zero zaidi ya 10,000, lakini filamu hiyo ilipokuwa ikipigwa, Zero yenye uwezo wa kuruka ilikuwa adimu kupita kiasi.

Mwongozo huu ni wa mtazamaji anayetaka kujua ni ndege gani hasa anayoiona, iliundwa wapi, nani aliirusha, na kama bado ipo. Naamini ndege hizi zinastahili kuitwa kwa majina yao. Zimebaki chache, na mara nyingi maisha yake halisi ni mazito kuliko yale ziliyopewa kuigiza.

Unahitaji filamu unayoweza kuisimamisha na kuirudisha nyuma, skrini kubwa kidogo kuliko ya simu, daftari na intaneti. Nakala yenye sauti ya DJ anayetafsiri inatosha kwa kazi ya macho. Ukifika kwenye mlio wa injini, tafuta nakala yenye sauti yake ya asili.

Hatua ya kwanza: tafuta picha inayotulia

Wengi huanza na mapigano ya angani, na hapo ndipo wanapokwama. Mapigano yamekatwa vipande vya sekunde moja au mbili, ndege imelala ubavu, moshi umetanda. Anza ardhini. Tafuta pale marubani wanapokimbilia ndege zao, injini zinapowashwa, ndege zinapotembea kuelekea njia ya kurukia. Hapo kamera hukaa, na ndege huonekana nzima.

Kusanya picha tatu: ya ubavuni, ya mbele, na ya tumbo pale ndege inapopita juu ya kamera. Kila picha iandikie dakika na sekunde zake. Bila hivyo utajikuta unatafuta tukio lilelile usiku kucha, na mwenzako hataweza kuhakiki ulichokiona.

Kisha hakikisha picha haikugeuzwa. Wahariri hugeuza picha kushoto kulia ili ndege zote za upande mmoja zielekee upande mmoja. Herufi zilizo kinyume ndiyo dalili ya kwanza. Kama herufi hazisomeki, vitu visivyolingana chini ya mabawa vitakuambia, kama nitakavyoeleza kwenye Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza.

Kila kipande kihesabu peke yake. Hadithi inaposema "ndege ya nahodha fulani," usidhani ni ndege moja tangu mwanzo hadi mwisho. Filamu ya Midway ya mwaka 1976 iliazima vipande vya Tora! Tora! Tora!, kwa hiyo sura ya ndege inabadilika ndani ya shambulio lilelile. Katika Dunkirk ya mwaka 2017, Spitfire halisi ziliruka mbele ya kamera, lakini kwa baadhi ya picha za rubani akiwa ndani ya chumba chake ilitumika Yak-52, ndege ya mafunzo ya Kirusi yenye viti viwili, iliyovishwa sura ya Spitfire. Rubani wa kweli alirusha kutoka kiti kimoja, na mwigizaji akakaa kwenye kingine.

Hatua ya pili: soma umbo, rangi iache mwisho

Rangi na alama za nchi hubadilishwa kwa siku moja. Umbo ni gumu kulificha, kwa hiyo kabla hujataja jina lolote andika unachokiona kwa mpangilio huu.

Injini kwanza. Pua pana ya duara, iliyo wazi mbele, maana yake silinda zimezunguka duara na zinapozwa kwa upepo. Pua nyembamba iliyochongoka kwa kawaida maana yake silinda zimepangwa kwa mistari miwili na zinapozwa kwa maji, na hapo lazima kuwe na rejeta mahali fulani. Itafute. Kwenye Hurricane ya Uingereza na P-51 Mustang ya Marekani ipo tumboni. Kwenye Spitfire na Messerschmitt Bf 109 ya Ujerumani ipo chini ya mabawa. Hapo tu umeshapunguza orodha kwa zaidi ya nusu.

Halafu hesabu mapanga ya propela. Injini ikiwa kasi huwezi kuyahesabu, ndiyo maana tukio la kuwasha au kuzima injini lina thamani kubwa. Matatu, manne au matano: tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana.

Mabawa: ncha ni za duara au zimekatwa? Ukingo wa mbele umenyooka au umerudi nyuma? Magurudumu: yakikunjwa yanaelekea nje kwenye ncha za mabawa, au ndani kuelekea tumbo? Spitfire na Bf 109 hukunja nje. Hurricane, Mustang na Zero hukunja ndani. Mtazamaji mwenye subira anaweza kuikamata ndege kwa magurudumu peke yake, kwa sababu kila filamu ina picha ya ndege ikiacha ardhi.

Mwisho, paa la kioo la rubani na mkia. Paa refu lenye fremu nyingi, la kutosha watu wawili, ni dalili ya ndege ya mafunzo hata kama imepakwa rangi za ndege ya kiti kimoja.

Hatua ya tatu: wafahamu waigizaji wa kudumu

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Filamu nyingi za vita vya pili vya dunia zimechezwa na ndege zilezile chache, kwa sababu watengenezaji hutafuta zinazopatikana, zinazoruka na zenye vipuri. Ukizijua hizo, filamu nyingi utazisoma haraka.

*Harvard, au T-6.* Ziliundwa zaidi ya 15,000, zikafundisha marubani wa nchi nyingi, na baada ya vita zikauzwa kwa bei nafuu. Ndiyo Zero ya sinema. Ukingo wa mbele wa bawa lake umerudi nyuma wakati ukingo wa nyuma umenyooka, na paa lake la kioo ni refu. Bawa la Zero halisi hupungua upana kwa upole pande zote mbili, na ncha yake ni ya duara. Harvard pia ina mlio wake, mkali na wa kukwaruza, kwa sababu ncha za propela huzunguka karibu na kasi ya sauti. Kuwa mwangalifu na ushahidi huo, maana mafundi wa sauti hubadilisha milio wanavyotaka.

Kwa msomaji wa Kenya, ndege hii haikuishia kwenye sinema. Mwaka 1953 jeshi la anga la Uingereza liliunda kikosi namba 1340 chenye Harvard, kikadondosha mabomu ya pauni 20, karibu kilo 9, kwenye misitu ya Aberdare na Mlima Kenya walikokuwa wapiganaji wa Mau Mau. Baadaye zikaletwa Lincoln, ndege kubwa za injini nne, zikiruka kutoka Eastleigh, Nairobi, mahali ambapo leo ni kambi ya Moi ya jeshi la anga. Mzee wa Nyeri aliyekuwa mtoto miaka ile anaweza kuitambua "Zero" ya Hollywood kabla ya mtaalamu yeyote. Kama una mzee wa namna hiyo nyumbani, kaa naye mtazame pamoja, kisha mwachie nafasi azungumze.

*Buchón.* Hii ndiyo Bf 109 ya filamu nyingi, na historia yake inanivutia kuliko zote. Wakati wa vita Hispania ilipata kibali cha kuunda Bf 109, lakini Ujerumani ikashindwa kuleta injini. Miaka ya 1950 Wahispania wakaweka Rolls-Royce Merlin ya Uingereza, injini ileile ya Spitfire na Hurricane, ndege ikaitwa Hispano HA-1112 Buchón. Jina ni la njiwa mwenye kifua kilichovimba, na ukiiona pua yake utaelewa: chini ya propela kuna uvimbe mkubwa. Injini ya Kijerumani ilifungwa kichwa chini, kwa hiyo mabomba ya moshi ya Bf 109 halisi yako chini kwenye ubavu wa pua. Merlin imesimama wima, kwa hiyo ya Buchón yako juu. Hesabu na propela: Bf 109 ina mapanga matatu, Buchón manne.

Hispania ilifanya hivyohivyo kwa ndege ya mabomu ya Heinkel He 111: ya kwao yenye injini za Merlin inaitwa CASA 2.111. Ndiyo maana filamu ya Battle of Britain ya mwaka 1969 ikaanza kupigwa Hispania. Afisa mstaafu wa jeshi la anga la Uingereza, Hamish Mahaddie, alipewa kazi ya kukusanya ndege, na jeshi la anga la Hispania likatoa CASA zaidi ya 30. Buchón zilizopatikana zilizidi 20. Mafundi wakakata ncha za mabawa ya Buchón na kuweka nguzo za uongo mkiani ili zifanane na Bf 109 za mwaka 1940. Adolf Galland, aliyekuwa rubani mashuhuri wa Ujerumani, na Robert Stanford Tuck wa Uingereza walikuwa miongoni mwa washauri. Kwa hiyo unapoitazama ile vita juu ya Kent, kusini-mashariki mwa Uingereza, kumbuka kwamba karibu kila injini inayonguruma, ya mshambuliaji na ya mlinzi, ni Merlin.

*Spitfire ya mwaka usio wake.* Ziliundwa zaidi ya 20,000 kwa matoleo mengi, na kosa la kawaida la filamu ni kutumia toleo la baadaye kwa hadithi ya mwanzo wa vita. Spitfire Mk I ya mwaka 1940 ina propela ya mapanga matatu na bunduki za rashasha nane ndani ya mabawa, bila mizinga inayochomoza mbele. Chini ya mabawa haina ulinganifu: kulia kwa rubani kuna rejeta kubwa ya mraba, kushoto kuna kipoza oili kidogo. Mk IX, iliyoingia vitani mwaka 1942, ina mapanga manne, mizinga inayochomoza, na rejeta mbili kubwa zinazolingana. Ukiiona Mk IX katika hadithi ya kiangazi cha 1940, andika hivyo bila kigugumizi. Na ukiona Mk I ambayo rejeta yake kubwa iko kushoto, picha imegeuzwa.

*B-17.* Hii ni ndege kubwa ya mabomu ya Marekani. Nyingi zinazoruka leo ni za toleo la G, lenye bunduki mbili kwenye kidevu chini ya pua. Hadithi nyingi ni za mwaka 1943, wakati wa toleo la F lisilo na kidevu hicho. Kwa filamu ya Memphis Belle ya mwaka 1990 zilikusanywa B-17 tano, na zile za toleo la G zikaondolewa bunduki za kidevu. Memphis Belle yenyewe, B-17F iliyopigana Ulaya, haikuigiza. Iko makumbusho ya jeshi la anga la Marekani huko Dayton, Ohio, ilikowekwa wazi kwa umma mwezi Mei 2018 baada ya matengenezo ya miaka mingi.

Wengine niwataje haraka. Ndege mbili zinazowamiminia risasi wanajeshi ufukweni katika The Longest Day ya mwaka 1962 zilitakiwa kuwa ndege za kivita za Ujerumani, lakini ni za familia ya Bf 108, ndege ya abiria wachache ambayo Ufaransa iliendelea kuiunda kwa jina la Nord. Ndege inayoibwa katika The Great Escape ni Bücker Bestmann, ya mafunzo. Helikopta ya Where Eagles Dare ni Bell 47, ambayo iliruka kwa mara ya kwanza Desemba 1945, vita ikiwa imekwisha. Ju 52 ya filamu hiyohiyo, ndege ya usafiri ya Ujerumani, kinyume chake, ni Ju 52 kweli, iliyoazimwa jeshi la Uswisi.

Na kwenye jeti, "MiG-28" nyeusi za Top Gun ya mwaka 1986 hazijawahi kuwepo Urusi wala kwingineko: ni Northrop F-5 za Marekani. Jeshi la anga la Kenya limekuwa na F-5 tangu mwaka 1978, kwa hiyo mkazi wa Nanyuki amemwona adui wa Top Gun akipita juu ya paa lake.

Hatua ya nne: ni ndege, ni mfano, au ni kompyuta?

Ukishajua aina inayoigizwa, uliza kama kuna chuma kilichoruka kweli.

Ndege ndogo ya mfano inayoongozwa kwa rimoti hujulikana kwa moto na maji. Mwali ni mkubwa mno kwa ndege, matone ya maji ni manene mno, na mtikisiko wa upepo ni wa haraka kuliko wa kitu kizito. Stuka (ndege za Ujerumani za kudondosha mabomu) za Battle of Britain ziliigizwa kwa mifano ya namna hiyo. Kwanza walijaribu kubadilisha ndege za Percival Proctor zifanane na Stuka, lakini matokeo hayakuridhisha angani.

Nakala ya ukubwa kamili isiyoruka, aghalabu ya faibaglasi juu ya fremu ya chuma, utaijua kwa uzito. Tazama magurudumu: tairi haikubonyea, miguu haikushuka. Tazama kama kuna picha moja isiyokatwa ambayo ndege inatembea, inaongeza kasi na kuacha ardhi. Kama kila mara picha inakatwa kabla haijaruka, huenda haikuruka kamwe. Mfululizo wa Masters of the Air wa mwaka 2024 ulitumia nakala za B-17 za ukubwa kamili ardhini, na anga yote ikatengenezwa kwa kompyuta.

Michoro ya kompyuta huijui kwa ubaya wake, maana siku hizi ni mizuri sana. Ijue kwa kamera. Picha iliyopigwa angani ilihitaji ndege nyingine yenye mpiga picha ndani, na ndege hiyo ina mipaka: haipiti katikati ya mabawa mawili, haisimami angani, haifuati risasi. Battle of Britain ilipigwa kutoka kwenye B-25, ndege ya mabomu ya Marekani, iliyopakwa rangi kali za kila namna ili marubani wengine waione kwa urahisi. Ukizoea picha za enzi hiyo, mtikisiko mdogo wa kamera na jinsi ndege zinavyopishana kwa tahadhari, jicho litaanza kukuonya lenyewe kamera inapofanya kisichowezekana.

Katika hatua hii kuna jambo ambalo mashabiki tunapaswa kulitazama usoni. Picha halisi zimegharimu watu na ndege. Paul Mantz, rubani mkubwa kuliko wote wa Hollywood, alikufa tarehe 8 Julai 1965 akiruka kwa ajili ya The Flight of the Phoenix. John Jordan alianguka kutoka kwenye ndege ya kamera mwaka 1969 wakati wa Catch-22, filamu iliyokusanya B-25 17 zenye kuruka kwenye pwani ya Meksiko. Julai 1989, B-17 mojawapo ya zile tano za Memphis Belle ilianguka ikiruka kutoka Binbrook, Uingereza, ikateketea. Waliokuwemo wote waliokoka. Na kuna ndege zilizoharibiwa kwa makusudi: 633 Squadron ya mwaka 1964 iliangamiza kadhaa za ndege za kivita za Uingereza aina ya Mosquito, ambazo wakati huo zilionekana hazina thamani, na leo Mosquito zinazoruka duniani kote zinahesabika kwa vidole. Kwa ajili ya Battle of Britain lililipuliwa banda zima la ndege kwenye uwanja wa Duxford, Uingereza, la enzi ya vita vya kwanza.

Msimamo wangu ni huu: ajali, mlipuko na msongamano wa ndege mia viachiwe kompyuta, bila majuto. Kuruka, kutua na mlio wa injini vibaki vya ndege halisi, kwa sababu hapo kompyuta bado haijanishawishi. Ile picha ya B-25 zikinyanyuka moja baada ya nyingine katika vumbi la Meksiko ina uzito unaousikia kifuani.

Hatua ya tano: usiziamini namba ulizoziona

Sasa, na sasa tu, soma maandishi. Herufi kubwa ubavuni ni za kikosi, na namba ndogo karibu na mkia ni ya ndege yenyewe. Katika filamu, herufi na namba hizo zote huweza kuwa za uongo. Watengenezaji wa Battle of Britain walizipaka upya kila mara ili Spitfire kumi na kidogo zionekane vikosi vizima, kwa hiyo ndege moja ina majina mengi, na jina moja lina ndege nyingi.

Namba za filamu zitumie kwa kazi moja: kuunganisha picha ndani ya siku moja ya upigaji. Utambulisho wa kweli utautoa kwenye vitu ambavyo kupaka rangi hakuviondoi: kiraka cha bati, antena ya redio ya kisasa, kioo cha kuangalia nyuma cha umbo fulani, aina ya mabomba ya moshi. Linganisha hivyo na picha za ndege hiyohiyo kwenye maonyesho ya mwaka uleule.

Hatua ya sita: kutoka majina ya mwisho hadi daftari la usajili

Usizime filamu majina yanapoanza kupanda. Tafuta wasimamizi wa ndege, marubani, na sehemu ya shukrani. Ukiona Tallmantz Aviation, unajua ni kampuni ya Paul Mantz na Frank Tallman ya California, iliyoanzishwa mwaka 1961. Mantz ndiye aliyenunua ndege 475 za vita zilizokuwa zikisubiri kukatwakatwa huko Stillwater, Oklahoma, mwaka 1946, kwa takriban dola 55,000. Ukiona The Fighter Collection, Old Flying Machine Company au Aircraft Restoration Company, uko Duxford. Kwa ndege za vita vya kwanza katika filamu za karne hii, tafuta The Vintage Aviator ya New Zealand. Vita hivyo vilipiganwa kwa mbao na vitambaa, na vingi vimeoza, kwa hiyo unachokiona kwa kawaida ni nakala mpya iliyoundwa kwa ustadi.

Kisha nenda tovuti ya Internet Movie Plane Database, ambako wapenzi wa ndege hukusanya picha za filamu kwa filamu. Ichukulie kama dondoo, uihakiki mwenyewe.

Kituo kinachofuata ni usajili wa kiraia. Kila ndege inayoruka kwa mtu binafsi ina namba ya nchi yake: N kwa Marekani, G kwa Uingereza, D kwa Ujerumani, EC kwa Hispania, ZK kwa New Zealand, kama vile 5H ilivyo ya Tanzania na 5Y ya Kenya. Ufaransa huzipa nyingi za ndege za zamani namba zinazoanza na F-AZ. Daftari la Marekani na lile la Uingereza liitwalo G-INFO yanasomwa bure mtandaoni, na yanaonyesha namba ya kiwandani. Namba hiyo ndiyo ya kuinukuu, kwa kuwa haibadiliki ndege ikihama nchi. Uingereza huruhusu ndege za kijeshi za zamani kuruka na alama za kijeshi bila kuonyesha ile ya kiraia, kwa hiyo usishangae kutoiona popote mwilini.

Chukua mfano mmoja mpaka mwisho. Unatazama Piece of Cake, mfululizo wa televisheni wa mwaka 1988 kuhusu mwanzo wa vita, na Spitfire moja inapita chini ya daraja la mawe. Daraja ni la Winston, County Durham. Rubani ni Ray Hanna, mkuu wa zamani wa Red Arrows, timu ya maonyesho ya jeshi la anga la Uingereza. Propela ina mapanga manne, kwa hiyo ni Mk IX, ndege ya miaka kadhaa baada ya hadithi, na katika riwaya ya asili kikosi hicho kinarusha Hurricane, si Spitfire. Kampuni ya Hanna ni Old Flying Machine Company. Ndege yake ni MH434, kiraia G-ASJV. Iliundwa Castle Bromwich mwaka 1943, ikapigana na kikosi namba 222, baada ya vita ikatumikia Uholanzi na kisha Ubelgiji, ikarudi Uingereza na kuigiza katika Battle of Britain. Katika mambo yote hayo, filamu yenyewe ilikupa mapanga manne, daraja na jina la rubani.

Njia nyingine hufika mahali usipotazamia. Connie Edwards, mmoja wa marubani Wamarekani wa Battle of Britain, alichukua Buchón kadhaa badala ya sehemu ya malipo yake, akazipeleka Big Spring, Texas. Zikakaa ghalani miongo mingi, nyingine zikiwa bado na rangi za filamu, mpaka zikauzwa miaka ya 2010. Baadhi zimerudi angani Ulaya. Kwa hiyo ndege yako ikipotea kwenye daftari kwa miaka 40, usiiandike kuwa imekufa.

Hatua ya saba: iandike na, ukiweza, ikatazame

Kwa kila ndege andika filamu na mwaka, dakika na sekunde, inachoigiza, aina yake ya kweli, namba ya kiwandani, na usajili wa sasa. Pembeni weka alama ya uhakika: aina umeithibitisha kwa umbo, au ndege yenyewe umeithibitisha kwa picha ya pili. Vitu hivyo viwili usivichanganye. Kusema "hii ni Buchón" na kusema "hii ni Buchón fulani" ni madai tofauti, na la pili linahitaji ushahidi wa pili.

Ndugu zetu walioko Uingereza wana bahati ya Duxford, ambako unaweza kusimama karibu na ndege nilizozitaja na kusikia Merlin ikiwashwa. B-17 iitwayo Sally B, G-BEDF, iliyoigiza katika Memphis Belle, ina makao yake hapo. Walioko Ufaransa waende maonyesho ya La Ferté-Alais, kusini mwa Paris. Walioko California waende Chino, makumbusho ya Planes of Fame, kuiona Zero halisi yenye injini yake ya Sakae. Ukifika, anza na ukingo wa mbele wa bawa lake, upige picha kutoka chini, kisha uilinganishe na Harvard ukiwa na picha zote mbili mezani. Kabla ya kusafiri, soma ukurasa wa makumbusho husika, kwa sababu ndege hizi huhamishwa, huuzwa na kufungwa kwa matengenezo bila taarifa ndefu.